Namna ya kuchagua na kuandaa nyuso zinazong'aa nyumbani

Mng'ao si kitu kinachoongezwa juu ya ukuta, sakafu au meza mwishoni mwa kazi. Ni matokeo ya uso kuwa laini kiasi kwamba mwanga unaoupiga hurudi kwa upande mmoja badala ya kutawanyika. Ndiyo maana jiwe lililotoka kwenye msumeno huonekana limepauka, lakini likimwagiwa maji hugeuka mara moja na kuonyesha rangi nzito na mishipa yake yote, kwa kuwa maji yamejaza mikwaruzo midogo na kuusawazisha uso kwa muda. Kila njia ya kung'arisha hufanya moja kati ya mambo mawili: ama huisugua mikwaruzo hiyo mpaka iwe midogo kuliko jicho linavyoweza kuiona, ama huijaza kwa kitu kinachokauka kikiwa laini, kama vile vanishi, nta au rangi. Anayelielewa jambo hili ataelewa pia kwa nini tabaka la mwisho haliwezi kuficha kazi mbaya iliyo chini yake. Kinyume chake, kadiri linavyong'aa ndivyo linavyozidi kuitangaza.

Kabla ya kuangalia rangi na urembo, inafaa kujiuliza uso unaokusudiwa utaguswa na nini kila siku. Adui wa nyuso za nyumbani ni wachache na wanajulikana: tindikali za jikoni kama ndimu na siki, maji yanayotuama, mchanga unaoletwa na viatu, joto la sufuria, na jua linalopita dirishani. Kila kitu kinachong'aa kinamwogopa angalau mmoja wao. Meza ya kukatia vyakula, sakafu ya mlangoni, ukuta wa bafu na ukuta wa sebule haviwezi kudaiwa uvumilivu uleule, na kosa la gharama kubwa kuliko yote ni kupenda kitu kwenye picha kisha kukipeleka mahali ambapo adui wake ndipo anapoishi.

Mawe: marumaru na granaiti si ndugu

Maneno haya mawili hutumiwa ovyo sokoni, na mara nyingi jiwe lolote jeusi lenye madoadoa huitwa granaiti, na kigae chochote kinachong'aa huitwa marumaru. Tofauti yake ni ya kimaumbile. Marumaru ya kweli ni chokaa ya asili, yaani kalsiamu kaboneti, iliyogeuzwa na joto na shinikizo chini ya ardhi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, hufikia takriban 3. Granaiti hujengwa zaidi na madini ya feldispa yenye ugumu wa 6 na kwatzi yenye ugumu wa 7. Kwa kuwa mchanga wa kawaida nao kwa sehemu kubwa ni kwatzi, kila punje inayokanyagwa juu ya sakafu ya marumaru huikwaruza, ilhali granaiti haishtuki. Sakafu ya marumaru inayopokea watu moja kwa moja kutoka nje itapoteza mng'ao kwenye njia wanayopita, na pembeni itabaki kama ilivyokuwa siku ya kwanza, jambo ambalo huonekana vibaya kuliko kama yote ingefifia.

Ugumu ni nusu ya habari tu. Kalsiamu kaboneti huyeyushwa na tindikali, kwa hiyo tone la ndimu likikaa dakika chache juu ya marumaru iliyong'arishwa huacha alama iliyofifia, si kwa sababu limetia doa bali kwa sababu limekula uso. Watu wengi huisugua alama hiyo kwa sabuni kali zaidi, au kwa siki yenyewe, na kuipanua. Kwa anayetaka kujua anachouziwa, kipimo ni rahisi: aombe kipande kilichokatika, adondoshe siki kwenye upande usiong'arishwa, kisha aangalie kwa makini. Jiwe likitoa mapovu, ni la jamii ya chokaa, jina lolote liwalo kwenye lebo, na halifai karibu na jiko la mtu ambaye hatakumbuka kupangusa kila mara.

Dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe ina kazi yake, lakini kazi hiyo hueleweka vibaya. Huzuia mafuta, chai na rangi za vyakula visinyonywe. Haizuii tindikali kula uso wa marumaru. Ili kujua kama jiwe linaihitaji, mwaga maji kidogo juu yake na usubiri robo saa, kisha uyapanguse. Sehemu iliyolowa ikiwa imekuwa nyeusi kuliko nyingine, jiwe linanyonya na lipakwe dawa. Ikiwa halijabadilika, dawa itakaa juu tu na kukauka kama utando wenye mawimbi, ambao kuutoa ni kazi kubwa kuliko kuupaka.

Kung'arisha jiwe kwa mkono au kwa mashine ndogo kunawezekana kwa mwenye subira. Hutumiwa diski zenye chembe za almasi, pamoja na maji, kuanzia namba 50 au 100 (namba ikiwa ndogo, chembe ni kubwa) kisha 200, 400, 800, 1500 na 3000. Kanuni ambayo haivunjwi ni kwamba kila namba ina kazi moja tu, nayo ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Anayeruka kutoka 100 hadi 800 hatapata mng'ao hata akisugua siku nzima, kwa sababu diski laini hung'arisha kingo za mikwaruzo mikubwa na kuiacha mahali pake. Kabla ya kubadilisha namba, suuza matope yote, ukaushe uso na uutazame kwa taa iliyolazwa ubavuni. Si lazima kufika mwisho: ukisimama kwenye 400 utapata uso mtulivu usioakisi taa, ambao kwa maoni yangu ndio unaofaa marumaru ya nyumbani, kwa sababu alama za ndimu na mikwaruzo hazionekani sana juu yake na mguu hautelezi.

Kuhusu jiwe la kutengenezwa kiwandani, ambalo huundwa kwa kwatzi iliyosagwa kwa karibu asilimia 90 na kushikanishwa kwa resini, yaani gundi ya plastiki, sifa zake za kutonyonya na kutokukwaruzika ni za kweli, ila resini haipatani na sufuria iliyotoka motoni wala na jua kali la muda mrefu. Lina jambo zito zaidi. Likikatwa au kusuguliwa likiwa kavu, vumbi lake hubeba silika nyingi (ndiyo kwatzi iliyosagwa), na silika hiyo huharibu mapafu bila tiba ya kuyarudisha. Ugonjwa huo uliwapata mafundi wengi wa mawe hata Australia ikapiga marufuku matumizi ya jiwe hilo kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Popote penye ruhusa ya kulitumia, likatwe kwa maji na kwa barakoa ya kuchuja vumbi, na mwenye nyumba asikubali likatwe kavu ndani ya vyumba vyake. Tahadhari hiyohiyo inahusu granaiti na zege, ingawa silika yake ni pungufu kuliko ya jiwe hilo.

Terazo na zege iliyosagwa

Terazo ilianza kama njia ya kutumia mabaki ya marumaru, na mafundi wa Venice ndio waliolisambaza jina lake. Vipande vya mawe huchanganywa na saruji, hutandazwa juu ya sakafu ngumu, hushindiliwa kwa rola, kisha hunyunyiziwa vipande zaidi mpaka uso ujae. Sakafu nzuri ni ile ambayo angalau asilimia 70 ya uso wake, baada ya kusagwa, ni mawe. Ikipungua hapo macho huona saruji yenye madoa badala ya mawe yaliyounganishwa. Vipande virefu vya shaba au zinki vinavyoigawa sakafu si urembo peke yake: huwekwa juu ya viungo vya zege iliyo chini ili nyufa zikija zifuate mstari uliochaguliwa na mwenye nyumba.

Baada ya kumwagwa, terazo ya saruji hufunikwa na kumwagiwa maji kwa siku kadhaa kabla ya kusagwa. Msago wa kwanza, kwa chembe kubwa, hufungua vitundu vidogo vya hewa kila mahali, na hapa ndipo mafundi wenye haraka hujulikana. Vitundu hivyo lazima vijazwe kwa uji wa saruji ya rangi ileile, viachwe vigande, ndipo kazi iendelee kwa chembe laini. Visipojazwa, baada ya mwaka mmoja kila kitundu kitakuwa nukta nyeusi ya uchafu. Terazo ya epoksi, yaani iliyoshikanishwa kwa gundi ya plastiki badala ya saruji, ni nyembamba na haihitaji subira hiyo, lakini epoksi hugeuka njano juani, kwa hiyo isiwekwe kwenye baraza.

Zege ya kawaida nayo husagwa na kung'arishwa bila kuongezwa mawe mengine. Isubiriwe siku 28 baada ya kumwagwa. Katikati ya kusaga hunyunyiziwa kimiminika cha silikati ya sodiamu au lithiamu, ambacho huungana na chokaa huru iliyomo ndani ya zege na kuunda kiini kilekile kinachoipa saruji nguvu, hivyo uso hukazana na kukubali mng'ao. Zege iliyomwagwa kwa maji mengi ili iwe rahisi kusawazisha haitang'aa kamwe. Itatoa vumbi, na hakuna dawa ya kuikomboa ila kuifunika.

Ukuta wa chokaa uliosuguliwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ni ufundi wa kale ambao umerudi kupendwa na ambao hauhitaji kiwanda chochote. Chokaa iliyozimwa kwa maji na kuachwa tope kwa miezi, mitatu kwa uchache, huwa laini kama siagi. Ikichanganywa na unga wa marumaru na kupakwa kwa tabaka nyembamba kwa mwiko wa chuma, hukauka kwa kuvuta hewa ya kaboni dayoksaidi na kurudi kuwa jiwe la chokaa. Kwa hakika anayepaka ukuta kwa njia hii anatengeneza marumaru nyembamba papo hapo, na ndiyo sababu ukuta huo unakubali kung'arishwa.

Ukuta utakaopakwa uwe wa lipu ya chokaa au mchanga na chokaa, wenye kukwaruza kidogo, usio na rangi ya mafuta wala rangi ya plastiki, kwa kuwa chokaa haishiki juu ya kitu kisichonyonya. Ulowanishwe tangu jana yake na tena asubuhi, mpaka uwe na unyevu bila kutiririka. Tabaka la kwanza huwa la kushika tu na la kusawazisha; la pili hupakwa la kwanza likiwa bado bichi kidogo; la tatu huwa jembamba kama ganda la yai na hupakwa kwa mikwaju mifupi inayopishana, ambayo ndiyo huleta mawingu yanayopendwa kwenye kazi hii. Baada ya hapo kazi yote ni ya kungoja wakati. Mwiko ukiwahishwa hubeba chokaa na kuacha mashimo. Ukicheleweshwa hukwaruza na kuacha mistari ya kijivu ya chuma. Wakati wenyewe ni pale kidole kikibonyeza hakizami lakini huacha baridi ya unyevu, na hapo mwiko safi hulazwa karibu bapa na kusukumwa kwa nguvu, tena na tena, mpaka uso ujifunge na kuanza kuakisi dirisha.

Kwa sehemu za bafu kuna njia ya Moroko iitwayo tadelakti, iliyotokana na chokaa ya maeneo ya Marrakech. Badala ya mwiko peke yake, uso husuguliwa kwa jiwe laini la mviringo, kisha hupakwa sabuni nyeusi ya mafuta ya zeituni na kusuguliwa tena. Sabuni hukutana na chokaa na kuunda sabuni ya kalsiamu isiyoyeyuka katika maji, na hiyo ndiyo inayozuia maji yasipenye. Mtu asiyejua siri hiyo huisafisha kwa dawa za choo zenye tindikali na kuimaliza kwa wiki chache. Isafishwe kwa sabuni ya mafuta tu, na irudishiwe sabuni nyeusi mara kwa mara.

Chokaa mbichi ni kali na huunguza. Miwani ya kukinga macho na glavu si hiari, na maji safi yawepo karibu wakati wote wa kazi.

Vigae

Vigae havihitaji maneno mengi, kwa sababu kiwanda kimeshafanya kazi ya kung'arisha. Mambo mawili yakumbukwe. Kigae cha poseleni, ambacho kwa kanuni hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5, kikisuguliwa kiwandani mpaka king'ae hufunguliwa vinyweleo vidogo usoni. Kipakwe dawa ya kuziba kabla ya kujaza viungo, la sivyo rangi ya grauti, yaani kijazio cha viungo, itaingia ndani yake, hasa grauti nyeusi kwenye kigae cheupe. La pili ni utelezi: sakafu ya bafu na ya jikoni isiwekwe kigae cha mng'ao mkubwa hata kiwe kizuri namna gani, na anayetaka mng'ao bafuni aupeleke ukutani, kisha chini aweke vigae vidogo, kwa kuwa wingi wa viungo huupa mguu mahali pa kushika.

Mbao

Kazi ya mbao humalizika kwenye msasa. Vanishi huja kuthibitisha tu. Anza na namba 80 iwapo kuna alama za randa, endelea na 120, 180 na 220, ukifuata nyuzi za mbao daima, kwa maana mkwaruzo uliokatiza nyuzi hauonekani mbao ikiwa kavu, lakini hujitokeza kama mstari mweusi dakika ile rangi au mafuta yanapoigusa. Kabla ya namba ya mwisho, pangusa mbao kwa kitambaa chenye maji na uiache ikauke. Nyuzi zilizolazwa na msasa zitasimama na uso utakuwa na vinyweleo kama ndevu za siku mbili. Zikate kwa msasa wa 220 kwa mkono mwepesi, nazo hazitasimama tena utakapopaka vanishi ya maji.

Kisha chagua kati ya kinachokaa juu na kinachoingia ndani. Mafuta ya mbegu za kitani na mafuta ya mbegu za mti wa tung huingia kwenye nyuzi na kuganda humo. Huonyesha uzuri wa mbao kuliko kitu kingine chochote na hurekebishika kwa urahisi, kwani sehemu iliyoharibika husuguliwa na kupakwa upya peke yake, ila hayazuii maji kwa muda mrefu. Vanishi ya poliyurethani hukaa juu kama ganda, huvumilia maji na vikombe, lakini ikichubuka huhitaji kusuguliwa uso mzima. Sheleki, inayotokana na utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa lac, huyeyushwa kwa spiriti na kupakwa kwa kitambaa kilichofungwa kama kishada, tabaka nyembamba juu ya nyingine mara kumi au zaidi, na hutoa mng'ao wa kina usio na mfano. Ukiweka juu yake kikombe cha moto au tone la pombe utaona kwa nini haifai meza ya kulia chakula. Nta nayo ni ya kugusa na kunusa zaidi kuliko ya kulinda: nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi, na huanza kulainika mapema zaidi.

Vanishi hupakwa nyembamba, na kati ya tabaka na tabaka uso hupigwa msasa wa 320 ili kuondoa vumbi na kuipa tabaka inayofuata mahali pa kushika. Hata kama unataka mwisho usiong'aa sana, tumia vanishi ya kung'aa kwenye tabaka za chini na ile iliyotulizwa mng'ao kwenye tabaka ya mwisho peke yake. Mng'ao hutulizwa kwa unga mwembamba unaochanganywa ndani ya vanishi, na unga huo ukirundikana tabaka baada ya tabaka huifunika mbao kama ukungu. Hili nililijifunza kwenye kabati la mninga ambalo, baada ya tabaka nne, lilionekana kama limefunikwa kwa karatasi ya nailoni, na ilinibidi nilichune lote.

Vitambaa vilivyopakwa mafuta ya kitani visikunjwe na kutupwa kwenye ndoo ya taka. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa hulifungia joto hilo ndani mpaka kiwake chenyewe, bila kiberiti. Vitandazwe kimoja kimoja nje mpaka vikakamae, au vizamishwe kwenye maji kabla ya kutupwa.

Rangi za kuta, na taa inayozimulika

Rangi isiyong'aa ina unga mwingi kuliko gundi, na chembe za unga zinazochomoza usoni hutawanya mwanga; rangi inayong'aa ina gundi ya kutosha kuzizamisha zote. Kutokana na hilo, rangi ya mng'ao huoshwa kwa urahisi na inafaa milango, fremu na kuta za jikoni, ilhali isiyong'aa husamehe ukuta uliopindika. Kabla ya kuamua, zima taa za chumba usiku, laza tochi ubavuni mwa ukuta na uangalie vivuli. Ukuta unaoonekana kama bahari iliyochafuka chini ya tochi utaonekana hivyohivyo mchana mara utakapopakwa rangi ya mng'ao, hasa kama dirisha liko kwenye kona yake, na hapo uamuzi ni ama kuupiga puti upya wote ama kukubali rangi iliyotulia.

Sampuli, iwe ya rangi, jiwe au mbao, isihukumiwe ikiwa mkononi. Ya ukutani isimamishwe ukutani na ya sakafuni ilazwe sakafuni, iangaliwe asubuhi, jioni na chini ya taa zitakazotumika, kwa kuwa uso unaong'aa hubeba rangi ya vitu vilivyo mbele yake kuliko rangi yake mwenyewe: marumaru nyeupe iliyo mkabala na ukuta wa kijani itakuwa na kijani ndani yake kila siku. Kazi ikikwisha, weka kando vigae kadhaa kutoka kwenye boksi lenye namba ileile ya uzalishaji, kopo dogo la rangi na la vanishi vilivyofungwa vizuri, na karatasi iliyoandikwa msasa wa mwisho ulikuwa namba gani na tabaka zilikuwa ngapi, kwa sababu fundi atakayekuja kurekebisha kona moja miaka mitano baadaye hatakuwa na njia nyingine ya kujua.